Kioo, Chaji na Mahali Ulipo: Mafunzo Niliyopata Nikitengeneza Simu Pugu

Wengi wanaoleta simu kwenye kibanda changu hapa Pugu Kajiungeni huja na malalamiko yaleyale: "Fundi, betri imekufa." Baadhi ya betri huwa zimekufa kweli, zimevimba hadi mfuniko umenyanyuka, na hizo tunazibadilisha. Nyingine ni nzima kabisa. Kinachozimaliza ni mwanga wa kioo uliopandishwa hadi mwisho, programu zinazotafuta mahali ulipo mchana na usiku, na laini inayohangaika kutafuta mnara bondeni. Mwenye simu ya namna hiyo huondoka bila kununua betri, ila ameshajua pa kugusa.

Kwa mkazi wa Pugu jambo hili ni zito. Anayefanya kazi Kariakoo hutoka nyumbani jua halijachomoza na kurudi giza limeshaingia. Chaji aliyotoka nayo ndiyo nauli yake kama pesa ziko kwenye simu, ndiyo tochi yake kutoka kituoni, ndiyo sauti yake likitokea la kutokea. Nazo habari za mahali alipo zinaweza kumlinda au kumponza, kutegemea ziko mikononi mwa nani. Simu hutoka kiwandani imepangwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana. Kuipanga upya ilingane na maisha yako ni kazi yako wewe mwenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza katika kuifanya kazi hiyo pamoja na majirani zangu.

1. Anza na kioo

Fungua sehemu ya betri kwenye mipangilio, utaona nani amekula chaji tangu ulipoichomoa. Mara nyingi kioo kiko juu ya orodha au karibu na juu. Hapo kuna vitu vitatu vya kugusa.

Cha kwanza ni mwanga. Simu nyingi zina kihisi kidogo kinachopima mwanga wa mahali ulipo, juani kikapandisha mwanga wa kioo na ndani kikaushusha. Wateja wengi hukizima siku wanapotaka kusoma ujumbe juani, kisha mwanga unabaki palepale juu hadi usiku chumbani. Kirudishe kifanye kazi yake. Cha pili ni muda wa kioo kujizima. Sekunde 30 zinatosha kwa matumizi ya kawaida, lakini nakutana na simu zilizowekwa dakika 10, zinazowaka mfukoni kila zinapoguswa. Cha tatu ni kasi ya kioo. Simu nyingi za siku hizi huchora picha mara 90 au 120 kwa sekunde ili kioo kiteleze vizuri. Ishushe hadi 60. Macho yatazoea upesi, na chaji itakaa zaidi.

2. Mandhari meusi hayaokoi chaji kwenye kila simu

Watu wameambiana kwamba kugeuza kioo kiwe cheusi kunaokoa betri. Ni kweli kwa simu za kioo cha OLED, ambako kila nukta huwaka yenyewe na nukta nyeusi huwa imezimwa. Kwenye kioo cha LCD, ambacho ndicho kilichomo kwenye simu nyingi za bei nafuu, taa iliyo nyuma inawaka muda wote hata picha ikiwa nyeusi. Hapo weusi unapumzisha macho, lakini betri haipati nafuu ya maana.

Hata kwenye OLED, faida inategemea mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima jambo hili mwaka 2021. Mwanga ukiwa asilimia 100, mandhari meusi yaliokoa kwa wastani asilimia 39 hadi 47 ya umeme. Mwanga ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, kiasi ambacho wengi hutumia ndani, akiba ilikuwa asilimia 3 hadi 9 tu. Kwa hiyo shusha mwanga kwanza, rangi ifuate.

Kujua kioo chako ni cha aina gani, fungua picha nyeusi tupu ndani ya chumba chenye giza. Ukiona weusi unang'aa kijivu, hiyo ni LCD. Ukiona kama simu imezimika, hiyo ni OLED.

3. Mzee akisema simu haisomeki, msikilize

Wazee wa mtaani huja na simu walizonunuliwa na watoto wao na kusema simu ni mbovu, haisomeki. Simu huwa nzima. Maandishi ndiyo yamepangwa kwa macho ya kijana. Naongeza ukubwa wa herufi, naongeza ukubwa wa vitu vyote kwenye kioo, nawasha herufi nzito, na kwa wenye simu za Android naweka lugha iwe Kiswahili. Kisha namwachia mzee mwenyewe aisome kwa sauti ujumbe wa pesa aliyotumiwa. Hapo ndipo faida inapoonekana, maana mzee anayejisomea salio lake hahitaji kumpa mtu mwingine simu yake pamoja na namba ya siri.

Herufi kubwa huokoa chaji pia. Asiyeona vizuri hupandisha mwanga hadi mwisho akitumaini ataona zaidi. Maandishi yakikua, mwanga unaweza kushuka.

4. Mnara ulio mbali hula chaji kimyakimya

Pugu ni vilima na mabonde. Huku juu mtandao umejaa, ukiteremka bondeni au ukielekea upande wa msitu wa Pugu na Kazimzumbwi vijiti vinapungua kimoja kimoja. Simu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza mawimbi yake kwa nguvu zaidi, na ikipoteza mnara huanza kutafuta mwingine tena na tena. Betri inaisha hata kama hujagusa kitu.

Kama nyumbani kwako 4G inakuja na kupotea, ingia kwenye mipangilio ya laini uiweke simu kwenye 3G, au 2G kama unasubiri simu za kawaida tu. Wanaokuja wikiendi kupanda vilima na kutembea msituni nawashauri waweke simu katika hali ya ndegeni wakishafika ndani. Kwenye simu nyingi, kipokezi cha satelaiti huendelea kufanya kazi katika hali hiyo, na ramani uliyoipakua mapema itakuonyesha ulipo.

5. Joto ni adui wa betri

Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa kwenye joto. Apple, kwa mfano, hutaka simu zake zitumike penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na hapa kwetu miezi ya Desemba hadi Machi kivuli chenyewe kinakaribia kikomo hicho. Sasa fikiria simu ya kijana wa bodaboda iliyofungwa kwenye usukani saa saba mchana: jua linaipiga, mwanga wa kioo umejaa, ramani inatafuta njia, na waya wa chaji umechomekwa kwenye pikipiki. Simu ikizidiwa na joto hujilinda kwa kufifiza kioo na kukataa chaji. Kijana anakuja kuniuliza kama chaja imekufa.

Nawaambia waache ramani iongee kwa spika na kioo wakizime, wakiwashe tu penye njia panda. Mwanga ukipungua na jua likikingwa, chaji inaingia. Na kuna la mtetemo pia: Septemba 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo wa kamera za iPhone. Kishikizo chenye mpira wa kupunguza mtetemo kinafaa kwa simu yoyote ile.

6. Kiokoa chaji kinaweza kukukatia mawasiliano

Katika yote niliyojifunza, hili ndilo ninalolieleza mara nyingi zaidi, kwa sababu hofu yake ni kubwa.

Mama mmoja wa jirani ana binti anayefunga duka Kariakoo usiku. Wamekubaliana kwamba binti akipanda gari amtumie mama mahali mubashara kwa WhatsApp, ili mama aone anavyosogea hadi nyumbani. Usiku mmoja alinijia akihema. Nilimwamkia, akaitikia harakaharaka. "Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie. Mtoto amesimama Gongo la Mboto muda mrefu, hasogei. Simu inaita, hapokei." Niliangalia kioo nikaona maandishi madogo ya muda wa mwisho: alama ile haikuwa imepata taarifa mpya kwa muda. Binti hakuwa amesimama. Simu yake ndiyo iliyoacha kutuma. Alifika muda mfupi baadaye, simu ikiwa ndani ya mkoba. Kiokoa chaji kilikuwa kimejiwasha betri ilipoteremka, na mlio alikuwa ameuzima tangu dukani.

Kiokoa chaji hufanya kazi yake kwa kubana programu zinazokwenda chinichini, na kwenye simu nyingi husimamisha pia huduma ya mahali kioo kikizimwa. Simu nyingi za bei nafuu zina mfumo mwingine wa ziada unaofunga programu bila kukuuliza. Kwa hiyo kioo, chaji na mahali vimeshikana: ukibana kimoja, kingine kinaitikia.

Kwa familia zinazofuatiliana njiani ninashauri hivi. Programu mnayotumia kutumiana mahali itolewe kwenye vikwazo vya betri, na iwe hiyo moja tu. Kiokoa chaji kipangwe kijiwashe chini kabisa, asilimia 15 kwa mfano. Anayetazama asome kwanza muda wa taarifa ya mwisho kabla ya kuogopa. Ramani za Google zina msaada mmoja zaidi: mtu uliyemgawia mahali ulipo huona pia kiasi cha chaji kwenye simu yako. Mama akiona alama imesimama na betri iko asilimia 8, ana la kufikiri kabla ya kukimbilia barabarani. Na wakubaliane mapema: alama ikisimama, apige kwa laini ya kawaida, na binti aache mlio ukiwa umewashwa hadi afike.

7. Satelaiti haziulizi bando

Wengi wanaamini bila bando simu haiwezi kujua ilipo. Simu hupokea mawimbi ya satelaiti za GPS zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia na kupiga hesabu yenyewe. Haizitumii satelaiti hizo chochote. Bando linahitajika kuchora ramani na kumtumia mtu mwingine jibu. Mei 12, 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipovuruga intaneti Tanzania na nchi jirani, waliokuwa wamepakua ramani ya Dar es Salaam kwenye simu waliendelea kuiona njia yao.

Pakua ramani ya mkoa ukiwa na bando au kwenye WiFi. Zile zinazotegemea OpenStreetMap zina mitaa mingi ya pembezoni mwa jiji, shukrani kwa kazi kama ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na wakazi wenyewe walitembea mtaa kwa mtaa wakichora nyumba, njia na mitaro kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko. Sisi wa huku juu, ambako Mto Msimbazi unaanzia, tuna sababu ya kuithamini kazi ile.

Unapomtumia mtu wa bajaji au wa mzigo lokesheni, usiitume ukiwa sebuleni. Bati na ukuta hudhoofisha mawimbi. Toka uani, simama penye anga wazi, subiri duara la buluu lipungue, ndipo utume. Anga likiwa wazi, simu hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya bati inaweza kumpeleka mtu mtaa wa pili. Na kama hakuna intaneti, nakili namba mbili za latitudo na longitudo uzitume kwa ujumbe wa kawaida. Tarakimu nne baada ya nukta zinampeleka mtu ndani ya mita 11 hivi.

8. Kila programu ijieleze

Napenda kukaa na mteja tupitie orodha ya programu zilizopewa ruhusa ya kujua mahali alipo. Tochi inataka mahali? Mchezo wa karata unataka mahali? Tunazifutia ruhusa moja baada ya nyingine, na chaji nayo inapumua. Tangu Android 10, ya mwaka 2019, unaweza kuipa programu ruhusa wakati tu unapoitumia. Tangu Android 12, ya mwaka 2021, na iOS 14, ya mwaka 2020, unaweza kuipa mahali pa kukadiria badala ya mahali hasa. Programu ya hali ya hewa inatosheka na makadirio. Ya usafiri inahitaji mahali hasa, ila ukiwa safarini tu.

Programu za mikopo zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu nyingi huomba majina ya kwenye simu, picha na mahali kabla hazijakukopesha chochote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Hakikisha kwanza kama mkopeshaji ana leseni, kisha ndipo ufikirie ruhusa.

Angalia na kamera. Ikiwa imeruhusiwa, huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa. WhatsApp huondoa maandishi hayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama faili yanaweza kwenda nayo. Kwa picha za watoto na za ndani ya nyumba, zima.

9. Mahali pa mtu huombwa kwa mwenyewe

Mwanamume mmoja aliniletea simu ya mke wake na kutaka niiweke iwe inamtumia mahali alipo mama huyo, na mama asijue. Nilimrudishia. "Kaka, simu hii ina mwenyewe. Njooni wote wawili, akikubali nitawaelekeza." Hakurudi. Ninaamini kila fundi anapaswa kujibu hivyo, pesa yoyote itakayowekwa mezani.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kihalali na kwa kusudi lililo wazi. Hata pasipo sheria, anayejua kila hatua ya mwenzake bila ridhaa yake ana nguvu ambayo hakupewa.

Kwa hiyo namfundisha kila mteja kukagua. Kwenye Ramani za Google gusa picha yako, ingia sehemu ya kushiriki mahali, usome majina. Ruhusa iliyotolewa "hadi uizime" hubaki wazi hata mwaka mzima kama hukuigusa. Kwenye WhatsApp, ndani ya faragha, kuna orodha ya mazungumzo yanayoona mahali mubashara. Ukituma kwenye kundi, kila aliyemo anaona, hata yule usiyemjua aliyeongezwa jana. WhatsApp hutoa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua muda mfupi unaotosha safari yako.

Na kwa mwanamke anayegundua anafuatiliwa na mtu anayemwogopa: kuzima ghafla kunaweza kuamsha hasira. Mweleze kwanza mtu unayemwamini, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, ndipo mpange pamoja.

10. Jiandae kabla chaji haijaisha na simu haijapotea

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulitufundisha kutokwenda kulala na betri tupu. Chaji umeme ukiwepo, na kama simu yako ina kinga ya kuishia asilimia 80, iwashe kwa siku za kawaida. Betri ikishuka hadi asilimia 10, zima data, zima mahali, shusha mwanga, laini iweke 2G. Zilizobaki ni za kupiga na kupokea. Namba 112 ya dharura iwe kichwani mwako na kwa watoto wako.

Usizime huduma ya kutafuta simu iliyopotea, maana hiyo ni mojawapo ya chache zinazostahili kujua mahali ulipo. Bonyeza *#06# leo, andika namba za IMEI kwenye daftari la nyumbani. Ikiibiwa, namba hizo ndizo utakazotoa polisi na kwa mtandao wako ili simu ifungiwe.

Ukiwa na mzazi, mdogo wako au jirani asiyejua mambo haya, kaa naye ukiwa na simu yake mkononi mwake, yeye ndiye abonyeze. Aamue mwenyewe nani aone alipo na kwa muda gani. Atakapojua kuyabadilisha peke yake, hatahitaji fundi kwa hilo tena, nami nitafurahi kumwona akija kibandani kununua kava tu.